Nani Anafuta Vumbi?

Desturi ya Opera ya Vienna ilikuwa hivi. Ukishanunua tiketi ya kusimama unakwenda upesi nyuma ya ukumbi wa chini, unachagua mahali kwenye ukingo wa kuegemea, unafunga skafu yako pale, kisha unatoka zako kutafuta mkate. Hakuna atakayeigusa. Mwenye skafu ndiye mwenye mahali, hata akirudi dakika moja kabla ya taa kuzimwa. Mimi jioni yangu ya kwanza, majira ya baridi ya 1991, sikuwa na skafu. Nilikuwa na leso ya kisutu aliyonipa mama siku ya kuondoka Mombasa, nimejizungushia kiunoni ndani ya koti kwa ajili ya baridi. Nikaivua, nikaifunga pale mafundo mawili. Niliporudi na mkate wangu niliiona tokea mlangoni, wekundu wake umesimama peke yake katikati ya sufu za kijivu, na mzee aliyekuwa jirani yangu ameinama anaitazama bila kuigusa. Aliniuliza ni kitambaa cha nini. Kijerumani changu kilikuwa cha miezi michache. Nikamwambia: cha bibi harusi.

Nilikuwa na miaka 23, nimekwenda kusomea uhandisi wa maji kwa ufadhili uliotosha kodi, nauli na viazi. Austria wakati ule nao walikuwa na shilingi, na jina hilo lilinifariji, ingawa shilingi yao na yetu hazikuwa ndugu hata kidogo. Noti yao kubwa kuliko zote, ya 5,000, ilikuwa na sura ya Mozart. Sikuwahi kuishika. Lakini kusimama operani kulikuwa kwa shilingi chache tu, chini ya bei ya kikombe cha kahawa katika mikahawa ya pale jirani, na kwa hizo chache unasimama karibu chini ya kile kilichokuwa kibanda cha kaizari, mahali ambapo sauti inakufikia nzima. Mwaka ule mji ulikuwa ukiadhimisha miaka 200 tangu Mozart afariki. Kila dirisha la duka lilikuwa na uso wake.

Walicheza *Ndoa ya Figaro*. Waliimba Kiitaliano, na zile skrini ndogo za tafsiri zilikuwa bado hazijawekwa. Sikuelewa neno. Nilisimama zaidi ya saa tatu, magoti yakaniuma, nikalia mara mbili bila kujua ninalia kwa sababu gani, kisha nikarudi bwenini kwa miguu kuokoa nauli.

Basi nikawa nimeanza. Kila Jumapili niliyoipata niliitumia kuangalia. Jumba la makumbusho ya sanaa, lile kubwa lililofunguliwa 1891 mkabala na pacha wake wa makumbusho ya viumbe, lina chumba cha Bruegel chenye mkusanyiko wa picha zake usio na mfano popote duniani. Nilikaa kwenye kile kiti cha katikati mbele ya *Wawindaji Thelujini*, ya 1565. Wanaume watatu wanarudi wametupa mgongo, mbwa wao wamechoka, mawindo yao yote ni mbweha mmoja, na kule chini bondeni watu wanateleza juu ya barafu, wadogo kama chungu. Nilikuwa nimeiona theluji ya kweli kwa wiki mbili tu. Picha ile ndiyo iliyonionyesha kwamba theluji ina rangi ya kijani ndani yake. Nikatoka nje, nikatazama, ni kweli.

Katika Ukumbi wa Dhahabu wa Musikverein nilisimama nyuma kabisa, nikiona nusu ya okestra na visogo vya watu. Ukumbi ule ni wa 1870, na chini ya sakafu yake ya mbao kuna uwazi. Ngoma kubwa zilipolia nilizipata kwanza kwenye nyayo.

Hayo yote nilimwandikia mama. Mama alikuwa na elimu ya chuo cha Kurani, akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nami nilimjibu kwa herufi hizo hizo, mbovu, kwa sababu mkono wangu ulishazoea za shule. Karatasi nyembamba za barua za ndege, nimejaza mpaka pembeni: dari za dhahabu, vioo, mishumaa, farasi wa mawe. Nilipokwenda kasri la Schönbrunn nilimwandikia kwamba Mozart alipiga kinanda pale 1762, akiwa mtoto wa miaka sita, mbele ya Malkia Maria Theresa, na kwamba kasri lina vyumba 1,441.

Mama alifanya kazi katika nyumba ya watu, Kizingo, kwa miaka 19. Vyumba saba na baraza mbili. Shaba za milango aling'arisha kila Jumatano kwa ndimu na majivu. Jibu lake lilifika baada ya wiki tatu. Alinipa salamu za jirani zetu wote wa Kuze, akanishukuru kwa habari za majumba, kisha akaandika: vyumba elfu moja mia nne na arubaini na kimoja ni vingi, mwanangu. Nani anafuta vumbi?

Sikumjibu hilo. Sikulikwepa, niliona tu kwamba halina uzito. Barua iliyofuata nilimweleza habari za bustani. Yeye akauliza tena, mara moja, mwishoni kabisa mwa barua, kama mtu anayekumbushia deni dogo: hukuniambia kuhusu vumbi. Nikaandika habari za mitihani. Mama alifariki 2009. Barua zake ninazo zote, na hizo mbili zinakaa juu.

Nimerudi Vienna Oktoba 2024, kwa mkutano wa siku tatu wa mambo ya maji, nikajiongezea siku nne kwa fedha zangu mwenyewe. Sasa nina fedha. Shilingi yao ilikufa 2002 ilipokuja yuro. Tiketi ya makumbusho ya sanaa imepita yuro 20, nami naweza kuilipa bila kuhesabu viazi. Tiketi za kusimama operani watu wanazinunua kwa simu, tangu saa nne asubuhi ya siku yenyewe. Mimi nilinunua kiti, kwa sababu magoti yale yaliyouma 1991 sasa yanauma bila muziki. Tokea kwenye kiti changu niliutazama ukingo wa waliosimama kwa muda mrefu kabla taa hazijazimwa. Upande nilioweza kuuona hapakuwa na kitambaa hata kimoja.

Walicheza Figaro tena. Mbele yangu palikuwa na kile kiskrini, na kwa mara ya kwanza nilisoma maneno yao. Jamani. Hadithi ile ni ya watumishi. Inaanza kwa mtumishi anayepima sakafu kuona kama kitanda chake cha ndoa kitaenea, katika chumba alichopewa na bwana wake, chumba kilichowekwa karibu na bwana kwa makusudi. Mchumba wake ndiye anayemfumbua macho: kengele ikilia upande huu utakimbilia kule, na yeye bwana atakuwa amefika hapa. Mozart aliionyesha mara ya kwanza Mei 1786, katika mji huu huu, mbele ya watu waliokuwa na kengele kama hizo majumbani mwao. Nami nilikuwa nimeipenda kwa miaka 33 nikidhani ni ya mabibi na mabwana waliovaa hariri.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Bruegel. *Wawindaji* wapo, lakini sikukaa mbele yao. Ukutani humo humo kuna *Harusi ya Wakulima*, ambayo zamani niliipita kama mtu anayepita jikoni. Safari hii niliitazama kama saa nzima. Bibi harusi amekaa mbele ya kitambaa cha kijani, macho ameyainamisha, mikono ameifumbata, hali wala hazungumzi; kila aliyepata kuketi katika harusi ya kwetu anamjua. Lakini mbele, kwenye sehemu kubwa ya picha, wako wanaume wawili wenye aproni wamebeba mlango. Mlango umeng'olewa bawabani mwake kwa kukosa sinia kubwa, umewekwa juu ya miti miwili, umepangwa sahani za uji. Mmoja anageuza uso, mwingine ameukaza mwili kwa uzito. Na kushoto kijana anamimina pombe mtungini, hana habari na sherehe, anaangalia tu isimwagike. Bruegel aliwapa wahudumu sehemu kubwa ya picha. Yalibaki macho yangu tu.

Katika jumba la Belvedere sikuweza kukaa. Mbele ya *Busu* la Klimt simu zilikuwa nyingi kuliko nyuso. Lakini palikuwa na picha nyingine pale siku zangu za uanafunzi, ya Adele Bloch-Bauer, ya 1907, dhahabu tupu, na mikono yake imepindana kama inayoficha kidole. Nilisimama mbele yake 1992 na nikaamini ni mali ya jumba lile kama ngazi zake. Kumbe ilikuwa mali ya mumewe, Myahudi aliyekimbia 1938 Wanazi walipoingia, wakamnyang'anya alichoacha. Mpwa wa Adele, Maria Altmann, alikuwa mzee wa miaka 89 wasuluhishi walipoamua Januari 2006 kwamba arudishiwe. Sasa iko New York. Sikuwa na namna ya kujua mimi, mwanafunzi wa kigeni. Ila sikuuliza pia. Nilisoma jina la mchoraji na mwaka, nikasonga mbele.

Kuna uwanja wa Josefsplatz, kando ya maktaba ya kifalme, ambako kaizari Joseph wa Pili amekaa juu ya farasi wa shaba. Wakati wa masomo nilipita hapo karibu kila siku, na siku za jua nilikula mkate wangu kwenye ngazi za sanamu ile. Hapo hapo, katika jengo lile, aliwekwa Angelo Soliman. Soliman alikuwa Mwafrika, alitekwa mtoto, akapitia Sicily, akapewa kabaila mmoja, kisha akatumikia nyumba ya Liechtenstein. Alisoma, alizungumza lugha kadhaa, alicheza sataranji, aliingia 1783 katika chama cha Wamasoni kilichokuwa na wanasayansi na wanamuziki wakubwa wa mji. Mozart alihudhuria vikao hivyo hivyo. Soliman alioa, akazaa binti, akamwita Josephine. Alipofariki 1796 walimchuna ngozi. Waliivisha umbo la mbao, wakaipamba kwa manyoya ya ndege na shanga za kome, wakaisimamisha pamoja na wanyama waliokaushwa katika makumbusho ya kaizari, kana kwamba mtu yule hakuwahi kuvaa kanzu ya kushonewa wala kufungua kitabu. Josephine aliwaomba wakubwa wampe mwili wa baba yake auzike. Hawakumpa. Baba yake alibaki mikononi mwao mpaka mapinduzi ya Oktoba 1848, mizinga ilipowasha paa na moto ukamteketeza.

Habari zake nilizipata 2011, Makumbusho ya Mji wa Vienna yalipofanya maonyesho juu yake, nami nikasoma nikiwa Nairobi. Nikakumbuka mkate. Safari hii nilisimama pale Josefsplatz na sikukaa kwenye ngazi. Nilimsomea Fatiha. Sijui dini aliyozaliwa nayo, na alibatizwa, lakini mtu aliyenyimwa maziko sioni kama atakataa dua.

Kutoka hapo ni hatua chache mpaka kaburi la Wakapuchini, ambako wafalme wamelazwa chini ya ardhi katika majeneza ya metali. Kaizari Franz Joseph yuko katikati, mkewe Elisabeth upande mmoja, na upande wa pili mwana wao, Rudolf. Atlasi ya baba yangu, aliyosomea tangu udogo, ilikuwa na ziwa kaskazini mwa Kenya lililoandikwa jina hili. Ziwa Rudolf. Mimi nililisoma kwa jina la Turkana, tangu lilipobadilishwa 1975, na kazi yangu ya kwanza ilinipeleka huko huko, Kalokol, kupima visima katika upepo unaoanza usiku na kukung'uta mahema mpaka saa nne ya asubuhi. Rudolf hakuliona. Mwaka 1887 Mhungari Sámuel Teleki na mwenzake Ludwig von Höhnel waliondoka Pangani na mamia ya wapagazi, wengi wao watu wa pwani, wakiwa na Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyezijua njia za bara. Machi 1888 wakafika kwenye maji. Watu waliokuwa wakivua na kunywesha mifugo pale walikuwa na majina yao. Teleki akatoa la mwana wa kaizari, na kiziwa cha jirani akakipa la mke wa mwana huyo, Stefanie. Kabla mwaka haujatimia, Januari 1889, Rudolf akafa kwa risasi huko Mayerling.

Mwaka 1992 nilipiga picha ya jeneza lake. Nilipoisafisha nilimtumia mama, nikaandika nyuma: huyu ndiye mwenye lile ziwa. Ninaona haya nikikumbuka. Safari hii nilisimama mbele ya jeneza nikajaribu kuwawazia wale wapagazi: mzigo kichwani, maji ya chumvi ya ziwa mbele ya kiu ya wiki nyingi, na mtu mweupe anatamka jina ambalo hakuna aliyelisikia. Wapo watu Pangani leo ambao babu zao walikuwa katika msafara ule. Hakuna jeneza la metali kwa Jumbe Kimemeta.

Siku ya mwisho niliiweka kwa Schönbrunn. Tiketi inakupa dakika yako ya kuingia, na kifaa cha sikioni kinakuambia usimame wapi. Umati unasukumana kuelekea vyumba vya vioo. Nilipofika katika chumba kimojawapo nilijitoa pembeni kwa sababu ya magoti, nikajikuta nimesimama karibu na jiko la kupashia joto, refu kunishinda, jeupe la kauri, limetiwa dhahabu kwenye kingo kama keki. Nilikwisha kuyaona majiko kama hayo 1991, na nilimweleza mama uzuri wake. Safari hii niliinama. Nikalizunguka kadiri kamba ilivyoniruhusu. Halina mlango. Hakuna pa kutilia kuni wala pa kutolea majivu.

Sikio likanieleza, kwa sentensi mbili, kisha likaendelea na habari za pazia. Nyuma ya kuta kuna njia nyembamba. Watumishi walipita humo na kuni, wakachochea moto kutoka upande wa pili wa ukuta, ili wenye nyumba wasione majivu wala aliyeyabeba. Chumba kinapata joto, na aliyeleta joto haonekani. Katika kuta za karatasi za thamani kuna na vijilango, vimefunikwa kwa karatasi ile ile, huwezi kuviona mpaka utafute mstari. Niliupata mmoja. Nikaufuata kwa macho kutoka juu mpaka sakafuni. Pale chini, kwenye pembe, karatasi imechakaa kidogo, urefu wa kiganja, mahali ambapo mguu ungeusukuma mlango kama mikono yote miwili imeshika kitu.

Mama angeiona alama ile dakika ya kwanza. Angeniita nije nitazame.

Mlinzi wa chumba kile alikuwa mwanamke wa makamo, amekaa kwenye kiti chake cha kukunjwa, viatu vyake vya mpira vya watu wanaosimama kutwa. Nilimsogelea, nikamsalimu, nikamwomba radhi kwa swali langu. Nikamuuliza nani anafuta vumbi.

Hakucheka. Aliniambia wanaingia asubuhi na mapema kabla milango haijafunguliwa, wanawake wengi na wanaume wachache, na kwa vitu vya dhahabu hawatumii kitambaa, wanatumia brashi laini. Akanionyesha upana wake kwa vidole vitatu. Majiko ndiyo yanayowachosha, akasema, kwa sababu ya mikunjo. Akaitazama leso mabegani mwangu, kisha akaniuliza kwa nini nataka kujua.

Nikamwambia mama yangu anauliza.